Usijibu "Nzuri" Mbele ya Afisa Makazi

Nikimsindikiza mtu ofisi ya makazi ya halmashauri hapa London, tukiwa bado kwenye basi huwa namwomba kitu kimoja: akiulizwa hali yake asijibu kama alivyolelewa. Kwetu mtu ana homa ya kumtoa jasho, ukimwuliza habari za asubuhi anakujibu nzuri, halafu ndipo anapoanza kukusimulia kwamba hajalala. Afisa makazi hasubiri hiyo halafu. Ameshaandika kwenye kompyuta kwamba mwombaji anasema yuko salama, na sentensi hiyo utakutana nayo tena kwenye barua ya kukukatalia.

Mimi si mwanasheria. Ni mtu wa Tanga, kazi yangu kulea wazee majumbani mwao, kubeba boksi kama wasemavyo vijana. Sheria hii ilinifuata yenyewe mwaka 2019, mwenye nyumba wangu alipotaka kuuza. Nilipokwisha kupita mimi, namba yangu ya simu ikaanza kuzunguka: mpigie yule dada, yeye yalimkuta. Ndivyo nilivyozoea vile viti vya plastiki vilivyopigiliwa sakafuni, pembeni ya watu wa Mombasa, wa Unguja, wa Bukavu.

Watu huenda pale kueleza shida zao, na shida wanazo kweli. Lakini afisa aliye mbele yako anatafuta majibu ya maswali matano, yaliyotoka Sehemu ya Saba ya Sheria ya Makazi ya mwaka 1996. Je, kweli huna makazi, au uko karibu kuyakosa? Je, hadhi yako ya uhamiaji inakuruhusu kusaidiwa? Je, uko kwenye kundi la kipaumbele? Je, hukujitakia mwenyewe? Je, una uhusiano na eneo hili? Unaweza kulia mpaka karatasi za kufutia machozi ziishe mezani, na usiwe umejibu hata moja. Nazungumzia England tu. Wales wana sheria yao, na Scotland waliondoa sharti la kipaumbele tangu mwisho wa 2012, jambo ambalo wa huku tunalionea wivu.

Notisi yangu ilikuwa ya kifungu cha 21, ile ambayo mwenye nyumba hakulazimika kutaja sababu. Anakupa miezi miwili na basi. Bunge limeshaifuta kwa sheria ya 2025, inayoiondoa kuanzia tarehe 1 Mei 2026, lakini wakati wangu ndiyo iliyokuwa ikiwatoa wengi majumbani. Nikaipeleka kaunta. Kijana aliyekuwa nyuma ya kioo aliigeuza mbele na nyuma, akanirudishia kupitia ule upenyo wa chini, akasema nyumba bado ninayo. Nikae humo mpaka mahakama itoe amri, kisha nimsubiri dalali wa mahakama, na siku dalali akija ndiyo nije na watoto na mabegi. Alisema kwa upole kabisa. Nadhani alikuwa akiwaambia watu hivyo hivyo tangu asubuhi.

Mama mmoja wa kituo cha msaada wa sheria ndiye aliyenifungua macho. Tangu tarehe 3 Aprili 2018, alinieleza, ukiwa na notisi halali ya namna ile inayoisha ndani ya siku 56, kisheria wewe tayari unatishiwa kukosa makazi. Halmashauri inapaswa kufungua faili, kukaa nawe, na kuandika mpango wa nini watafanya wao na nini utafanya wewe. Na mwongozo wa serikali unaziambia halmashauri kwamba familia isiachwe mpaka itolewe na dalali kwa sababu tu halmashauri haijaitafutia pa kwenda. Ukingoja dalali, mara nyingi gharama za kesi nazo zinakuangukia wewe mpangaji. Yule mama aliandika barua ya ukurasa mmoja. Haikuwa na lugha kali hata kidogo, ilikuwa na vifungu na tarehe, na ikanishangaza ilivyofanya kazi kuliko maneno yangu yote ya kaunta.

Nilijifunza pia kwake kwamba ombi halihitaji fomu maalumu. Ukitamka kwa mdomo kwamba unaomba msaada wa makazi na maneno yako yakawapa sababu ya kuamini kwamba huenda huna pa kukaa, wajibu wa kuchunguza ni wao. Ukiwa na watoto, kizingiti cha kupewa mahali pa dharura ni cha chini: hawatakiwi kusubiri uthibitisho wa kila kitu, inatosha waone kuna sababu ya kuamini. Kwa hiyo mtu akikwambia "rudi ukishapata barua hii na ile", mwombe kwa adabu akuandikie kwamba anakataa kupokea ombi lako. Wengi wao wakisikia hivyo huinuka kwenda kumwita msimamizi.

Kuna swali liliniacha mdomo wazi siku ya mahojiano: je, nina nyumba popote duniani? Nikadhani ananitania. Kumbe sheria inasema hivyo hasa, makazi yawe Uingereza au kwingineko, mradi una haki ya kuyatumia na ni jambo la busara wewe na familia yako mkaishi humo. Nikamweleza kwamba Ngamiani, Tanga, ipo nyumba ya marehemu baba, urithi haujagawanywa, wanaishi ndugu zangu na wake zao na watoto wao, na chumba cha mimi na wanangu hakipo. Akaandika, akapita. Tangu hapo kila ninayemsindikiza namwonya juu ya swali hili, maana sisi kwa kutotaka kuonekana mafukara hupenda kusema "nyumbani tunayo nyumba, Alhamdulillahi". Ukiifuatilia hiyo nyumba, ni msingi na matofali yaliyoota nyasi.

Kesi iliyonifundisha zaidi ni ya binamu yangu. Alikuwa akiishi kwa kaka yake yeye na mwanawe mdogo, kwenye fleti ya vyumba viwili ambayo tayari ilikuwa na watu sita. Kwa mtu wa nyumbani huyu ana makazi, tena kwa kaka yake, anataka nini zaidi? Kisheria, mgeni anakaa kwa ruhusa ya mwenyeji tu. Ruhusa ikiwepo, ana mahali. Ikiondolewa na muda aliopewa kutoka ukaisha, hana. Na kaka alikuwa ameshaiondoa. Mwenye fleti alikuwa amemletea onyo juu ya msongamano, na yeye na mkewe walishaamua kwamba binamu atoke mwisho wa mwezi. Walilia wote watatu siku walipokubaliana.

Afisa akampigia kaka simu kuthibitisha. Kaka, kwa heshima zote, akamwambia: huyu ni dada yangu, hapa ni kwake, siwezi kumfukuza damu yangu. Barua ikaja: mwombaji ana makazi kwa kaka yake, ombi limekataliwa.

Nilipokwenda kwao jioni nilimkuta kaka amejiinamia. Hakusema uongo, wala hakusema ukweli. Alisema yale yanayosemwa. Unadhani mtu mzima wa Kiswahili atamwambia mgeni, Mzungu asiyemjua, kwenye simu, kwamba anamtoa dada yake nje na mtoto? Afisa naye hana makosa sana, aliuliza, akajibiwa. Hapo ndipo nilipoona kwamba sitara, ambayo kwetu ndiyo utu wenyewe, mbele ya sheria hii inakuvua nguo.

Barua ya kukataliwa inakupa siku 21 kuomba mapitio, yaani uamuzi uangaliwe upya, na siku hizo huhesabiwa bila huruma. Tukaketi kwenye meza ya jikoni kuandika upya. Wifi ndiye aliyekuwa na hati nzuri ya mkono, akashika kalamu, chai ikamiminwa vikombeni, ikapoa. Aliandika salamu. Kisha akajaza nusu ukurasa kumsifu binamu yangu: ni mtu mwema, anasaidia kupika, analipia umeme, hajatukosea neno hata siku moja tangu aje. Nikamwambia, wifi, sasa andika kwamba mwisho wa mwezi anatoka. Akaiweka kalamu chini. "Nitaandikaje mimi namfukuza wifi yangu? Karatasi hii si itabaki?"

Alichokiogopa ni kwamba maandishi hayafi. Maneno ya simu yatasahaulika, lakini hii watoto wataikuta. Ikabidi binamu mwenyewe amwombe, tena kwa kumshika mkono: andika, wifi yangu, hunifukuzi, unanifungulia mlango. Akaandika. Tarehe ya mwisho, sababu, ukubwa wa vyumba, nani analala wapi, onyo la mwenye fleti likabanwa nyuma kwa pini. Nilisisitiza jambo moja, nalo nalirudia kwa kila mtu: hakuna kuongeza chumvi. Kuidanganya halmashauri kwa makusudi katika maombi haya ni kosa la jinai. Tuliandika yaleyale yaliyokwisha kuwapo chini ya heshima.

Zile sifa za nusu ukurasa nilitaka kuzikata, kisha nikaziacha, na baadaye yule mama wa kituo cha sheria alizipigia mstari kwa furaha. Zilikuwa zinajibu swali la nne. Mgeni anayetolewa kwa sababu ya tabia zake mbaya anaweza kuambiwa amejitakia. Huyu mwenyeji wake mwenyewe ameshuhudia kwamba hakukosea lolote. Mapitio yakampa haki.

Swali hilo la kujitakia ndilo linaloniudhi kuliko yote. Lilianza tangu sheria ya kwanza ya wasio na makazi ya mwaka 1977, iliyopelekwa bungeni na mbunge wa Liberal wa Isle of Wight, Stephen Ross. Wabunge wengine waliogopa kwamba watu wataacha nyumba zao kusudi ili waruke foleni, ndipo likachomekwa sharti hili, nalo halijatoka mpaka leo. Sheria inasema umejitakia kama ulifanya, au uliacha kufanya, jambo kwa makusudi, na kwa sababu hiyo ukapoteza nyumba ambayo ilikuwa busara kuendelea kukaa. Kodi ya nyumba isiyolipwa ndiyo njia kuu watu wanayonasia humo.

Namjua baba mmoja wa watoto watatu aliyebaki nyuma kodi miezi ile mama yake alipokuwa amelazwa Dar es Salaam. Fedha alizituma nyumbani, risiti zote za kutuma alikuwa nazo. Afisa alizitazama moja moja, akauliza kwa nini alipeleka fedha nje badala ya kulipa kodi. Yule baba akajibu, "Ni mama yangu", akanyamaza, kwa sababu kwake jibu lilikuwa limekwisha. Kwenye barua iliandikwa kwamba alichagua matumizi yasiyo ya lazima. Aliomba mapitio akashindwa. Aliyejitakia akiwa na watoto hapati ule wajibu mkuu, yaani halmashauri kulazimika kumpatia makazi. Anapewa mahali kwa muda tu wa kumwezesha kujitafutia, kisha watoto wanakuwa suala la ustawi wa jamii.

Sheria ina upande wa pili, na laiti tungeutumia mapema kwa baba yule. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Samuels dhidi ya Birmingham. Mama wa watoto wanne, msaada wake wa kodi ulikuwa pungufu ya kodi kwa kiasi cha pauni 150 kwa mwezi, na halmashauri ikasema angejibana kwenye fedha za kujikimu akafidia. Mahakama ikakataa. Nyumba ambayo huwezi kuilipia bila kugusa fedha za chakula na mavazi ya watoto haikuwa nyumba ya kuendelea kukaa, na kwa hiyo huwezi kuambiwa umejitakia kuipoteza. Kwa hiyo sasa, kabla mtu hajajieleza habari za mama wala za msiba, tunakaa naye na daftari: kinachoingia, kodi, umeme, nauli, chakula. Mara nyingi daftari linaonyesha kwamba hata asingetuma senti moja nyumbani kodi isingetimia.

Kipaumbele kwa mwenye watoto au mjamzito ni rahisi, hakibishaniwi. Tangu 2021 aliyekosa makazi kwa sababu ya ukatili wa nyumbani naye anaingia moja kwa moja. Kasheshe ni mtu mzima aliye peke yake, kama mjomba wangu. Huyo anatakiwa aonyeshe kwamba ana udhaifu, na tangu kesi ya Hotak dhidi ya Southwark mwaka 2015 kipimo ni kama atadhurika zaidi kwa kiasi kikubwa kuliko mtu wa kawaida akikosa makazi. Zamani walikuwa wakimlinganisha na watu wa mitaani, ambao wengi ni wagonjwa, kwa hiyo ilikuwa karibu uwe mahututi ndipo uitwe dhaifu.

Mjomba ana kisukari cha sindano. Kazi ya ulinzi ilimshinda, chumba kikamponyoka. Mahojiano yake ya kwanza alikwenda peke yake, na nilipoomba nakala ya maandishi nilitaka kucheka nikashindwa. Afya ikoje? Sijambo. Unajipikia? Namshukuru Mungu. Unajidunga mwenyewe? Naam, hakuna taabu. Halafu wakapeleka karatasi kwa daktari wao mshauri, ambaye hajawahi kumwona mjomba kwa macho, naye akajibu kwamba ugonjwa unadhibitiwa. Barua ya daktari wake wa familia nayo haikufaa kitu: mistari mitatu, jina la ugonjwa, orodha ya dawa.

Nikamwambia mjomba, leo hatutaji ugonjwa. Nieleze jana, tangu ulipoamka. Ilichukua muda, maana kila nikifika penye jambo analiruka. Mpaka alipovua soksi kwa sababu nyingine kabisa, nikaona juu ya unyayo kovu bichi, refu, lenye mistari. Alikuwa ameegemeza mguu kwenye hita ya ukutani akalala. Hakusikia moto. Aliamshwa na harufu. "Miguu hii ilikwisha kufa siku nyingi," alisema, kama anayezungumzia viatu. Na macho? Macho nayo yanamchezea, alama za sindano hazioni vizuri jioni, siku nyingine anakadiria tu.

Hayo ndiyo tuliyoyapeleka kwenye mapitio: picha ya kovu, barua mpya ya daktari inayosema miguu haina hisia na kidonda kidogo kinaweza kuishia kukatwa mguu, insulini inayohitaji friji, dozi inayokadiriwa gizani. Mtu wa kawaida akilala nje atapata baridi na madhila. Huyu anaweza kupoteza mguu bila kujua. Mficha uchi hazai, nilimwambia mjomba, akanijibu kwamba yeye hana nia ya kuzaa. Lakini alitia sahihi, na akakubaliwa.

Maswali mawili yaliyobaki, la uhamiaji na la uhusiano na eneo, hayana hadithi ndefu, ila yanaweza kukumaliza. Kama viza yako imeandikwa kwamba huruhusiwi fedha za umma, usiende kaunta kabla ya kuona mshauri wa sheria. Ukiwa na watoto, mlango wako ni kifungu cha 17 cha Sheria ya Watoto ya 1989, kupitia ustawi wa jamii. Aliyepewa ukimbizi anastahiki, lakini akumbuke kwamba nyumba aliyopewa na serikali akiwa bado mwombaji hifadhi inamfunga na mji ule. Binti mmoja wa Kikongo alikuwa amewekwa mji wa kaskazini, akaja London kwa sababu huku kuna kanisa la Kiswahili na watu wa kuongea nao. Akarudishwa kaskazini. Wengine uhusiano hupimwa kwa kuishi eneo hilo miezi 6 katika 12 iliyopita, au miaka 3 katika 5, au kazi, au ndugu wa karibu waliokaa hapo miaka mingi. Anayekimbia ukatili harudishwi kwenye hatari hata kama uhusiano wake uko huko.

Ukishinda yote matano, usiagize mazulia. Unachopata ni wajibu mkuu, na wajibu huo unaweza kutimizwa kwa makazi ya muda ya miaka, kisha kwa nyumba ya kupanga ya mtu binafsi. Tangu mwishoni mwa 2012 halmashauri zinaruhusiwa kufanya hivyo. Nyumba yenyewe inaweza kuwa mji mwingine, ingawa Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2015 kwamba ni lazima waeleze kwa nini hawakupata ya karibu, na wafikirie shule za watoto. Binamu yangu alipewa nyumba Kent, nje ya London. Msukumo wa kwanza wa kila mtu ni kukataa, na hapo ndipo wengi wanapoangamia, maana ukikataa nyumba ambayo baadaye itaonekana inafaa, wajibu umekwisha na faili linafungwa. Sheria inakuruhusu kukubali na kupinga kwa pamoja. Alipokea funguo, akahamia, na ndani ya zile siku 21 tukapeleka ombi la mapitio likiwa na ratiba ya treni, bei ya tiketi ya mwezi, zamu zake za usiku na barua ya mwalimu mkuu. Hawajajibu bado.